Nguvu ya Wazungu kwenye utamaduni inaisha kweli, au imehamia pengine?

Msamvu_Flashi

Habari za jioni wadau. Kuna jambo linanizunguka kichwani muda mrefu naomba tulijadili, siasa za vyama tuziweke pembeni.

Mimi nina kibanda Morogoro karibu na stendi, kazi yangu kuingiza muvi na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nilianza 2009. Kipindi kile mteja akija anataka Mmarekani, sizoni za majasusi na wafungwa, anakwambia we weka mpaka flashi ijae. Mhindi alikuwa wa kina mama na watoto, Mchina ni wa ngumi, basi. Sasa hivi siku inaweza kupita sijaombwa Mmarekani hata mmoja. Jumamosi iliyopita nilikaa na daftari nikawa naandika kila kinachoombwa toka nafungua mpaka nafunga. Wakorea, Waturuki, Wahindi wa Kusini wale wa kupigana, Wafilipino kidogo, za kwetu Bongo, na Wachina wa kutafsiriwa. Mmarekani waliomba watu wanne na wote ni watu wazima wa rika langu. Kuna binti wa kidato cha pili alitaka Mkorea wake kuanzia episodi ya 9 mpaka 16, namba anazo kichwani, nilivyomaliza akamuaga mwenzie kwa Kikorea wakacheka wakaondoka. Hapa Morogoro hapa.

Ukiangalia na dunia naona kama ni jambo hilo hilo. 2020 filamu ya Wakorea ikachukua Oscar ya filamu bora, hakuna filamu isiyo ya Kiingereza iliyowahi kupata hiyo tuzo kabla yake. Mali na Burkina Faso wamekiondoa Kifaransa kwenye kiti cha lugha rasmi, na Machi 2025 wao na Niger wakajitoa kwenye ile jumuiya ya nchi za Kifaransa. Mwezi huo huo Sauti ya Amerika ikanyamazishwa na serikali yao wenyewe, mzee wangu alikuwa anaifungulia redio kila siku toka sijazaliwa, siku ile akawa anazungusha kitufe akidhani betri zimekwisha.

Sasa swali langu. Hii ndiyo safari ya kushuka kwa Mzungu kwenye mambo ya utamaduni? Na kama ndiyo, miaka 30 ijayo mwanangu ataiga nani, Mchina? Mturuki? Au kila mtu atakaa na chake? Au mimi naangalia flashi tu na kuna kitu sikioni? Naombeni mawazo ya watu waliokaa wakafikiri, maana nina watoto watatu na hili linanihusu.

Naomba kuwasilisha.

Bwana_Raskazone

Mwanangu Msamvu, umeuliza jambo zito ila umeanza kuhesabu 2009, kwa hiyo unaona kama Mmarekani ndiye alikuwepo peke yake toka zamani. Haikuwa hivyo, kwetu pwani hasa.

Mimi nimekulia Tanga. Utoto wangu sinema iliyokuwa inajaza watu ni ya Kihindi, tulikuwa tunaimba nyimbo zao neno kwa neno bila kujua maana, na waimbaji wa tarabu wakachukua mahadhi yale wakatia maneno ya Kiswahili, msikilize marehemu Juma Bhalo wa Mombasa utayasikia mwenyewe. Tarabu yenyewe ilikujaje? Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri mpaka akampeleka mtu Cairo kujifunza kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi. Baadaye watu wakawa wanasikiliza Cairo kwenye redio. Halafu wakaja Wakongo, miaka ya 70 na 80 ukitaka kuonekana unajua muziki, wewe mwambie mtu habari za Franco. Kwa hiyo macho yetu yamekuwa yakienda Bombay, Cairo na Kinshasa miaka yote ambayo Mzungu alikuwa ametukalia kichwani na hata baada ya hapo. Mtu kuangalia Mkorea leo haimaanishi Mzungu ameanguka, kama ambavyo sisi kuimba Kihindi haikumaanisha Mwingereza ametoka. Alikuwepo, na bendera yake ilikuwa inapepea bomani.

Sasa nikupe kitu cha kutafakari. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurekodi. Mwanamke kutoka Fumba, ametoka kijijini na vyungu vya kuuza, anaimba Kiswahili safi, na sahani zake za santuri zikarudi zikauzwa pwani nzima, watu wakakusanyika vibarazani kwenye gramafoni kumsikia mtu wao. Ushindi mkubwa, na mimi bado najivunia mpaka leo. Lakini kampuni iliyomrekodi ilikuwa ya Kiingereza, HMV, ile yenye picha ya mbwa anasikiliza santuri. Wimbo wetu, studio iko India, mwenye kampuni yuko London.

Ndiyo maana nikaona nikwambie, ukitaka kujua Mzungu amekwisha au hajaisha usiangalie sana kinachochezwa. Uliza mtambo wa nani na faida inalala wapi. Huyo Mkorea wa binti wa kidato cha pili amemfikia duniani kwa njia gani? Sehemu kubwa ni kupitia mtandao wa Kimarekani wa kulipia, ndio ulionunua, ndio uliotia tafsiri, ndio uliotangaza.

chachandu

Mzee shikamoo. Hapo kwenye mbwa na santuri umenirudisha mbali, babu alikuwa nayo moja haichezi tena ila alikataa kuitupa.

mama_saluni_Likoni

Assalaam aleikum nyote. Mzee wangu Raskazone shikamoo, nakuunga mkono na nataka niongeze langu kutoka huku Mombasa maana nyie wa Tanzania kuna kitu mnacho na pengine hamkioni.

Mimi nina saluni na tivii iko juu ukutani kutwa. Nikija kwenu Tanga kwa dada yangu nakuta Mturuki anaongea Kiswahili kitupu, sultani na wake zake wanateta kama majirani, mpaka nyanya wa miaka themanini anafuatilia. Huku kwetu hizi tamthilia za nje kwa miaka na miaka zimekuja kwa Kiingereza. Mmeksiko anaongea kama mtu wa Miami. Mhindi, Kiingereza. Wateja wangu wanazipenda sana sikatai, lakini ona ilivyo, hadithi ni ya Mexico, mtizamaji ni Mdigo, na katikati amekaa Kiingereza, mwisho mtoto anatoka pale hajajifunza Kihispania wala hajaongeza Kiswahili. Mjukuu wa dada yangu ana miaka sita, akitaka maji haniombi kwa lugha yangu, ananiomba kwa ile sauti ya katuni, na mamake anafurahi anasema shule inafanya kazi. Mimi roho inaniuma.

Na nywele sasa. Nilipoanza kazi kila mtu anataka kutiwa dawa nywele zilale, ukimwambia mtu aache za kwake anakuona umemtukana. Leo nusu ya wasichana wanaokuja wanataka za asili, wanataka twist, wanataka mafuta ya nazi na shea, na mimi nashukuru Mungu maana nimeona vichwa vilivyoungua na dawa nikalia. Lakini niliwauliza mmoja mmoja, we umeanza vipi kupenda nywele zako? Karibu wote wananijibu wameona kwenye YouTube, kwa wanawake weusi wa Marekani. Bibi yangu alikuwa na nywele za asili maisha yake yote na chanuo la mti, hakuna aliyemwiga. Ilibidi izunguke Atlanta kwanza ndio irudi Likoni ikiwa na heshima.

Kwa hiyo kijana, miaka 30 ijayo mimi naona watoto watakuwa huru kupenda kila kitu, lakini kibali cha kwamba kitu ni kizuri kitaendelea kutoka kule kule kwa muda mrefu. Isipokuwa tufanye jambo.

Dogo_Manzese

Mama umeongea kitu kinanigusa. Mimi ni mtu wa singeli. Singeli imezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku, spika zimefungwa kwenye miti na mtu anachezea laptop iliyopasuka kioo. Miaka yote tunaambiwa huo ni uhuni, ni kelele, mpigie mtu wa redio anakata simu. Halafu kuanzia 2017 pale Uganda watu wa lebo ya muziki ya Nyege Nyege wakatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, maprodyusa wakaanza kuitwa kwenye matamasha Ulaya, Wazungu wanaruka. Ghafla mjomba wangu aliyekuwa anazima redio ananiambia eti singeli ni utajiri wetu. Nilifurahi lakini niliumia pia, kwa nini hakuniamini mimi nilipomwambia?

Ila kitu kimoja nabisha kwa heshima. Tunaposema Magharibi tunachanganya watu. Kilichotuteka sisi vijana wa Bongo hakikuwa Shakespeare. Kilikuwa rap, na rap ni ya watoto wa watu weusi waliokuwa wananyanyaswa kule kule. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Saleh J alivyochukua biti za Marekani akapiga Kiswahili juu yake, na baada yake kina Sugu na Profesa Jay wakaelezea maisha ya mtaani kwetu, ile haikuwa kutawaliwa, ile tulikuwa tumeokota silaha. Kwa hiyo ikianguka Magharibi ya serikali na mabalozi, ile ya mtaani sidhani kama itaanguka, na mimi sitaki ianguke.

Yiwu_Kariakoo

Wakuu mimi nachangia nikiwa mtu wa mzigo, naenda China mara mbili tatu kwa mwaka.

Watu wengi wanaamini pesa ikihama na utamaduni unahama nayo. Mimi nimekaa Yiwu, mji wa masoko ya jumla kule China, nimeona tofauti. Pale ndipo karibu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba yako kinaponunuliwa, ndoo, taa, maua ya plastiki, mpaka vile vibao vya ukutani vya aya. Muuzaji anakuonyesha bei kwenye kikokotoo, mnaminyiana mpaka mnakubaliana, maneno mnayotumia ni Kiingereza cha kuunga unga. Na mtoto wake amekaa nyuma ya meza amevaa jezi ya NBA. Mchina ametengeneza vitu vya dunia nzima lakini hamu ya kuwa kama Mchina hajaiuza bado. Wamejitahidi, 2011 TBC ilionyesha tamthilia yao moja kwa Kiswahili, Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba, watu waliipenda kweli. Vyuo vyetu vina taasisi za Confucius, vijana wanajifunza lugha wapate kazi za ukalimani kwenye makampuni. Kazi ni sababu nzuri sana. Ila mtu anayejifunza lugha kwa ajili ya kazi na yule binti wa Kikorea wa Msamvu si sawa, yule binti hajatumwa na mtu.

Sasa angalia mpira, maana huko ndiko naona mfano mzuri kuliko wote. Nenda kibanda umiza chochote Jumamosi jioni. Ligi ni ya Uingereza, mashabiki wanapigana vijembe kuhusu timu za London na Manchester kama za baba zao. Lakini Manchester City toka 2008 ni ya watu wa Abu Dhabi. Newcastle toka 2021 mfuko wa serikali ya Saudia ndio wenye sehemu kubwa. Kifuani mwa Arsenal wameandika ndege ya Dubai, na kuanzia 2018 begani wakaweka Visit Rwanda. Mashindano, sheria, wimbo wa uwanjani, vyote vya Mwingereza, pesa imetoka jangwani. Mimi naona huko ndiko dunia inakoelekea, chombo kinabaki cha Magharibi, wanaojaza maji ndani ni wengine. Mwarabu angeweza kuanzisha ligi yake ikawa ndiyo ya dunia, amejaribu hata kumleta Ronaldo, lakini hajaacha kununua za Ulaya. Kwa nini? Kwa sababu anajua heshima haitengenezwi kwa miaka mitano.

Na nisisahau cha kwetu. Oktoba 2023 Simba na Al Ahly walifungua ile African Football League pale kwa Mkapa, mbili mbili, mwezi wa tano mwaka ule ule Yanga alikuwa amecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nilikuwa kibandani, skrini moja ina mechi ya Ulaya na haina mtu. Timu zetu tumezipenda tangu enzi na enzi, kilichobadilika ni kamera. Ligi yetu ilivyoanza kuonyeshwa kwa picha safi na watangazaji wanaojua kazi, mtu hakuona sababu ya kuiona duni.

FundiAggrey

Nimesoma wote, mmenifundisha vitu. Mimi ni fundi simu Kariakoo mtaa wa Aggrey, nimefungua simu nyingi kuliko nywele za kichwani, na nataka niwaonyeshe mahali ambapo naona Mzungu anaongezeka nguvu wakati wote tunadhani anapungua.

Simu zinazouzwa zaidi Afrika ni za Transsion ya Shenzhen, Tecno na Infinix na itel. Chuma ni cha Mchina. Washa sasa. Ndani ni Google. Kibodi inakuja kwa Kiingereza na wateja wangu wengi hawajui kama unaweza kuibadilisha, kwa hiyo mama anaandika "sawa" simu inamkata vipande viwili, anaandika "kama" inamgeuzia karma, mwisho anachoka anatuma sauti. Nimeona watoto wanaandika Kiswahili kwa kukwepa maneno ambayo simu inayakataa. Angalia hilo kwa makini, mtoto anachagua neno si kwa sababu ni zuri, ni kwa sababu simu haimsumbui. TikTok imetoka China ndio, imeleta ushindani mkubwa, lakini sheria za kipi kifutwe na kipi kilipwe sisi hatukai kwenye hicho kikao, iwe Beijing iwe California.

Kubwa zaidi ni akili mnemba. Mwezi uliopita rafiki yangu alifiwa na mama yake mzazi. Kuna kijana hapa dukani, mtoto mzuri tu, akataka kumtumia ujumbe, akaiomba programu imwandikie kwa Kiswahili. Ikamwandikia "samahani kwa upotevu wako". Halafu ikamshauri amwambie mfiwa apate muda wa kuwa peke yake na kama huzuni ikizidi amwone mtaalamu. Maneno yote Kiswahili. Lakini pole iko wapi? Mkono wa rambirambi uko wapi? Sisi mfiwa hatumwachi peke yake, tunakwenda tunakaa matanga, tunalala kwenye mikeka, wanawake wanapika, wanaume wako nje kwenye turubai. Yule kijana alikuwa ameshabonyeza kutuma, nikamshika mkono, nikamwambia funga duka twende tukamsindikize mama wa watu.

Sasa mzee Raskazone alisema tuulize mtambo wa nani. Mimi naogopa zaidi ya mtambo. Zamani ukiangalia Mmarekani ulijua huyu ni Mmarekani, anaongea kwake, wewe unaangalia. Huu mtambo mpya unaongea kama mimi, na umejifunza zaidi kutoka maandishi ya Kiingereza maana ndiyo yaliyojaa mtandaoni. Mtoto wa Msamvu miaka 30 ijayo anaweza asiangalie filamu hata moja ya Mmarekani, akawa anaongea Kiswahili kutwa, na akawa anaomboleza kama mtu wa Ohio. Ataona ndivyo Waswahili tulivyo. Dawa naiona moja, sisi kuandika. Kuandika mambo yetu kwa wingi, jinsi tunavyooana, tunavyozika, tunavyodaiana, tunavyosuluhishana, kwa Kiswahili chetu, ili kiwepo cha kujifunzia. Sisubiri wizara kwa hili.

mama_saluni_Likoni

Fundi, Mungu akuweke. Hiyo ya kumshika mkono imenitoa machozi. Naanza na mimi, nina nyimbo za kuaga bi harusi nilizopokea kwa nyanya, hazijaandikwa popote.

Msamvu_Flashi

Wadau nimerudi, umeme ulikatika. Nashukuru kila mmoja, mzee Raskazone shikamoo, sikuwa najua hiyo ya Siti na Bombay.

Baada ya kusoma ya fundi nimelichukua tena lile daftari langu. Nimegundua nimewadanganya bila kukusudia. Nimeandika "Mkorea", "Mturuki", "Mchina", lakini nikikumbuka vizuri wateja wengi hawakutaja nchi. Walitaja jina la mtafsiri. "Niwekee ya fulani", yaani yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya filamu. Wakati mwingine mteja hajali kama ni Mhindi au Mchina, anataka ile sauti, yale matusi madogo madogo, yale majina ya mitaa ya Dar anayoyaingiza, jambazi wa Hong Kong anaambiwa atapelekwa jela ya Segerea. Mteja ananunua Mswahili anayesimulia. Na hili lipo toka zamani, mimi mwenyewe nilianza na kina Lufufu kabla flashi hazijaingia, Kenya wana DJ Afro wao, na ukifikiria ni kazi ile ile ya bibi kusimulia hadithi usiku, amebadilishiwa moto tu akapewa skrini.

Na hawa watu kazi zao hakuna anayezitunza. Haziko maktaba, mtandaoni zinafutwa, nyingi ziko kwa watu kama mimi.

Fundi naomba nikuulize hapa hapa na wengine wafaidike. Nina boksi la diski za zamani za kutafsiri, za miaka ya 2000 mwanzoni, kama 140 hivi. Baadhi deki inazisoma nusu inakwama, nyingine zina ukungu. Kuna namna ya kuzihamisha kabla hazijafa?

FundiAggrey

Ipo. Usizipake dawa ya meno kama wanavyosema mtaani, utazimaliza. Chukua kitambaa laini, maji safi kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni moja kwa moja, usizungushe. Zikauke kivulini. Inayokwama usiilazimishe kwenye deki, tumia kompyuta yenye drive ya zamani, mimi ninayo moja inasoma mpaka zilizochubuka, kuna programu inarudia rudia kusoma kipande kwa kipande inaweza ikachukua usiku mzima kwa diski moja. Andika kwenye kila moja jina la mtafsiri, siyo la filamu. Ukipata mtu anakuja Dar na basi la asubuhi mpe kumi za kwanza, anza na zile zenye ukungu.